Posa ya Mcheza Tenisi

Kati ya saluni ya Aristide na duka la simu la Nasim, pale kichochoro kinapotokea barabara kuu ya Ilford, London, kuna benchi refu la mbao nyeusi. Zamani lilikuwa kanisani. Kanisa liliponunua viti vyenye mito, Deus akaliomba, akalibeba begani na wenzake, na tangu hapo wanalikalia Waislamu wengi kuliko Wakristo wala hakuna aliyenung'unika. Kila Jumamosi, adhuhuri ikishasaliwa na mvua ikikubali, wenyewe hujipanga hapo bega kwa bega. Kahawa huja ndani ya chupa ya chai yenye maua mekundu: nyeusi, chungu, ya tangawizi. Vikombe ni vidogo, maneno ni makubwa. Mabasi hupita, vigari vya watoto hupita, akina mama wa Kipunjabi hupita na mifuko ya bamia, na wote hupunguza mwendo kidogo wakifika pale, kwa sababu Kiswahili kikipigwa kwa sauti ile, asiyekijua hudhani kuna ugomvi. Hakuna ugomvi. Kuna kijiwe.

Jumamosi hii Abdulwakil alikuja, akakaa, akapewa kikombe, akakirudisha. Sisi tunamwita Stesheni. Ni Mpemba wa Wete, na miaka mingi kazi yake imekuwa kusimama kwenye jukwaa la treni akiwaambia watu wasogee nyuma. Mkewe, Jokha, husema hata nyumbani, mlango ukifunguliwa, mumewe husogea nyuma.

Wakili: Kwani umefunga, yakhe?

Stesheni: Sikufunga. Roho haitaki kitu.

Wakili: Mtu anayekataa kahawa yangu ama anaumwa, ama ana jambo ananificha.

Stesheni: Nina posa.

Wakili akabaki na kikombe mkononi. Jina lake Sufian. Ni karani wa kugawa nyumba kwenye kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, na hakusomea sheria hata siku moja, lakini ukimwambia leo Jumamosi atakutaka uthibitishe.

Wakili: Posa! Ya Ghalia?

Stesheni: Ya Ghalia. Nina binti mwingine?

Deus: Aisee, hongera mzee! Sasa mbona umenuna kama umeletewa hati ya kukamatwa?

Deus, mwenyeji wa Bukoba, anatunza wazee kwenye nyumba moja huko Barking. Wazee wake hulala mchana, naye hutazama michezo. Mpira, riadha, ngumi, mbio za baiskeli, hata ule mchezo wa kusugua barafu kwa fagio. Kijiweni ni Kocha.

Stesheni: Sikununa. Nimechanganyikiwa tu. Kijana ni Mjerumani. Amesilimu, hilo sina neno. Mama yake Ghalia keshakaa naye, kampenda. Ghalia ndiyo usiseme. Limebaki neno langu. Anakuja leo baada ya alasiri, anataka jibu.

Wakili: Na ukisema hapana?

Stesheni: Ndilo linalonikondesha. Ghalia kaniambia, kwa Kiingereza chake lakini nimemwelewa vizuri sana: Baba, ukinikataza, mimi siolewi naye. Hatakwenda kinyume nami. Angenitishia ningejua la kufanya. Lakini kaniachia.

Hapo hata Aristide, kinyozi wa Lubumbashi, alitoka mlangoni na taulo begani, akamwacha mteja na povu kidevuni. Aristide ni Balozi. Alipata kumkata nywele balozi mmoja, au ndugu wa balozi, na tangu siku hiyo huzungumza kama mtu aliyeonyeshwa mafaili.

Aristide: Miye nauliza kitu moja. Huyu Mujerumani anafanya kazi gani?

Stesheni: Amestaafu.

Wakili: Amestaafu! Mzee kiasi gani huyo?

Stesheni: Thelathini na mitatu.

Wakili: La ilaha! Mimi sijapandishwa hata cheo, yeye keshamaliza?

Stesheni: Alikuwa mcheza tenisi wa kulipwa. Bega likamharibikia, akaacha. Sasa anafundisha watoto kwenye viwanja vya bustani. Bega lile ndilo lililompeleka hospitali, na hospitali ndiko aliko Ghalia na mikono yake ya kunyoosha viungo vya watu.

Deus: Tenisi? Mzee, jina lake nani?

Stesheni: Torben. Torben Ahlswede.

Deus alipiga paja lake likalia.

Deus: Ahlswede! Namjua! Yule mrefu, mwenye kofia ya nyuma mbele! Jamani, huyu jamaa nimemtazama! Si nyota, mzee, sikudanganyi. Hakuingia kwenye mia bora. Lakini alicheza, alicheza, alicheza. Viwanja vidogo vidogo ambavyo hata njiwa hawatui.

Stesheni alimgeukia kama mtu aliyetupiwa kamba.

Stesheni: Basi nisaidie, mwanangu. Kwetu Wete, posa ikija humjibu mtu papo hapo. Unamuulizia. Unakwenda mtaani kwao, unamuuliza muuza duka: huyu kijana vipi? Unamuuliza imamu: alfajiri anaonekana? Unamuuliza jirani: akikasirika, sauti yake inavuka ukuta? Baba yangu aliulizia, babu yangu aliulizia, na mimi niliuliziwa na akina Jokha hadi nikaona haya kupita njiani. Sasa huyu nimuulizie wapi? Mtaa wake viwanja vya ndege.

Wakili: Msikitini kwake je?

Stesheni: Nilikwenda. Anasali Edgware Road. Nikakaa safu aliyokaa, nikamuuliza jirani yake wa kulia: unamjua kijana huyu? Akaniambia yeye mgeni, katoka Muscat, kesho anarudi. Wa kushoto naye wa Salala, kaja kutibiwa macho. Msikiti mzima wageni, yakhe! Wananipa tende tu.

Tulicheka, naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekabwa na kola.

Deus: Basi mzee, tulia. Huyu ndiye mchumba rahisi kuliko wote duniani kumuulizia. Kila mechi aliyocheza iko kwenye simu hapa. Hatuhitaji jirani.

Wakili: Subiri! Kama ni kuulizia, kuulizwe kwa utaratibu. Kocha, wewe soma. Mimi nitahoji. Balozi, kamalizie ndevu za watu.

Aristide: Ule mutu anaweza kungoja. Povu haikimbii.

Basi kuulizia kukaanza. Deus alifungua simu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ndoa kanisani.

Deus: Ameanza na miaka kumi na minane. Tashkent, raundi ya kwanza, kafungwa. Tunis, raundi ya kwanza, kafungwa. Antalya, raundi ya pili...

Wakili: Ahaa!

Deus: ...kafungwa. Casablanca, raundi ya kwanza...

Wakili: Kafungwa. Inatosha. Mheshimiwa Stesheni, umesikia? Mtu huyu kila anapofika anatoka siku hiyo hiyo. Kazoea kuondoka. Asubuhi ya harusi utamkuta uwanja wa ndege, begi mgongoni, kwa mazoea tu.

Deus: Si aliondoka kwa sababu kafungwa!

Wakili: Na ndani ya ndoa hakuna kufungwa? Mimi mke wangu ananifunga kila siku, lakini sipandi ndege.

Aristide: Bakubwa, ngojeni. Nyie munasikiliza kufungwa, miye nasikiliza ramani. Tashkent. Tunis. Antalya. Casablanca. Nani anatembeaka hivi? Miye nimekata nywele za bakubwa, najua. Ule haiko mucheza tenisi. Ile raketi, ndani iko antena.

Deus: Antena!

Aristide: Kwa nini raketi iko na nyaya?

Deus: Kwa sababu ni raketi, Balozi!

Aristide: Ndiyo banataka uamini hivyo.

Stesheni: Jamani, msinitie wazimu. Mimi nataka neno moja tu. Akikasirika, anapaza sauti?

Deus alishusha miwani. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayejibu kweli.

Deus: Mzee, wachezaji wengi wanavunja raketi. Wanaipiga chini, wanaitukana kama mtoto wa jirani. Huyu sijawahi kumwona akivunja hata moja. Nasikia alikuwa akizifunga nyuzi mwenyewe hotelini, hana mtu wa kumfungia. Labda ndiyo maana alizihurumia.

Stesheni aliitikia kwa kichwa polepole, mara mbili tatu. Tukaona lile neno limepata mahali pa kukaa.

Lakini Wakili hakubali neno likae.

Wakili: Mtu asiyevunja kitu anaweka. Anaweka, anaweka, anaweka. Miaka kumi na tano ya kufungwa, hasira zote kaziweka. Siku Ghalia akizidisha chumvi kwenye pweza, yatatoka yote, na Tashkent ndani yake.

Deus: Kwa hiyo angevunja ungesema mkorofi, na hakuvunja unasema mnafiki?

Wakili: Hiyo ndiyo kazi ya kuulizia. Sifa zake atazisema mwenyewe.

Aristide: Miye nina nyingine. Hili bega. Ule mutu hakuumia kwanza. Alimuona Ghalia kwanza, kiisha akaumia.

Stesheni: Alimwona wapi?

Aristide: Hapa! Ghalia anapitaka hapa kila siku. Ule akapita na basi, akamuona, akauliza: huyu dada anafanya kazi wapi? Wakamuambia: anatengeneza mabega. Akarudi Ujerumani, akapiga mupira mubaya kwa makusudi. Tac! Bega kwisha. Akafunga kazi, akakuja. Ni mapendo kabisa.

Deus: Balozi, dakika iliyopita alikuwa jasusi.

Aristide: Jasusi hana roho?

Hata mteja wa Aristide, aliyekuwa amechoka kungoja na kujitokeza mlangoni na povu lake, alicheka bila kujua anachekea nini. Wakili akamimina tena kahawa, akamwonyesha Deus kidole aendelee.

Deus: Sasa sikilizeni hii. Miaka minane baadaye. Wimbledon, hapa hapa London. Amepita mchujo, mechi tatu, zote kashinda. Kaingia. Raundi ya kwanza kapangiwa Muingereza, kwenye kiwanja cha pembeni. Seti ya tano. Mimi nilikuwa namlisha mzee wangu uji, nikasahau kijiko hewani. Wamekaribiana kabisa, pointi moja tu inaweza kumaliza. Muingereza kapiga, mpira umetoka nje, mwamuzi kampa pointi Mjerumani. Mjerumani kainua mkono. Kamwambia mwamuzi: hapana, mpira uligusa ukingo wa raketi yangu kabla haujatoka. Pointi si yangu. Hakuna aliyeona, wazee! Hata yule Muingereza hakuona. Na baada ya hapo kafungwa.

Basi jekundu lilisimama, likashusha watu, likaondoka.

Wakili: Hapo sasa.

Deus: Hapo sasa nini? Huo si uaminifu?

Wakili: Uaminifu tuuogope, yakhe! Mtu aliyepewa pointi na mwamuzi, serikali imempa, muhuri umepigwa, akairudisha! Kesho atapewa nyumba na kaunsili, atasema hapana, yuko anayestahili zaidi. Ghalia na watoto watalala bustanini karibu na hivyo viwanja vyake, wakiwa waaminifu.

Stesheni alicheka, safari hii hadi mabega yakatikisika. Kisha akajifuta macho, na uso ukamrudia ule wa mwanzo.

Stesheni: Yote hayo nayabeba. Liko moja silibebi. Kapiga simu jana, kamwambia Jokha: nitakuja peke yangu.

Wakili aliweka kikombe chini.

Wakili: Peke yake? Kuposa?

Stesheni: Peke yake.

Wakili: Basi hapa sisemi kwa mzaha, Abdulwakil. Posa haiji na miguu miwili. Posa inaletwa na wazee. Wanakaa kule, nyinyi mnakaa huku, wanaanza kwa hali ya hewa, wanazunguka, wanarudi, wanasema tumeona ua kwenye bustani yenu. Mtu akija peke yake kama anakuja kuulizia chumba cha kupanga, huyo katudharau. Mimi ningekuwa wewe, mlango ningemfungulia, chai ningempa, jibu nisingempa.

Deus: Labda hajui mila.

Wakili: Ghalia anaijua. Mama yake anaijua. Hakuambiwa?

Stesheni: Kaambiwa. Mama wa kijana mgonjwa kule kwao, hasafiri. Baba alikwisha kufariki. Ndugu hana, kazaliwa peke yake. Jokha kamwambia leta hata rafiki, kanyamaza, kisha kasema nitakuja peke yangu.

Wakili: Kiburi.

Aristide: Siri.

Stesheni, ambaye tangu adhuhuri alikuwa akimtafutia mtu huyu jirani, alitazama barabara kama anayesubiri treni iliyofutwa. Kila aliyekuwapo aliona kwamba neno la hapana limekwisha kumfika kooni, limebaki kutolewa tu.

Ndipo akaja Gaudensia. Ni dada mkubwa wa Deus, aliyefika wiki ile kutoka Bukoba kumtembelea, na alikuwa ametoka sokoni na furushi la ndizi ambazo, kwa uso wake, hakuziheshimu.

Deus: Dada, shikamoo. Umezipata?

Gaudensia: Marahaba. Nimepata kitu wanakiita ndizi. Hamjambo hapa?

Tukamjibu wote. Wakili akasimama akampisha, akammiminia kahawa, na kwa kuwa ni mgeni akamweleza kesi yote tangu mwanzo kwa mpangilio wake: Tashkent, kustaafu, pointi iliyorudishwa, na huku kuja peke yake. Aristide akaongeza antena. Gaudensia alisikiliza kwa adabu akiwa na furushi mapajani.

Gaudensia: Mie tenisi sijaiona. Huyo kijana mna picha yake?

Deus akatafuta ile mechi ya Wimbledon, akampa simu. Gaudensia akaisogeza mbali na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wake. Sauti za makofi zilitoka kwenye simu, ndogo, kama mchele ukimwagwa kwenye ungo.

Gaudensia: Mnayemsema ni yupi?

Deus: Mwenye kofia.

Gaudensia: Na hawa wanaoinuka wanapiga makofi?

Deus: Hao wa yule mwingine. Muingereza. Pale kwenye kibanda wanakaa mama yake, kocha wake, mchumba wake, daktari wake.

Gaudensia: Na kile kibanda kingine, mbona kitupu?

Deus: Kile ni cha Mjerumani. Hawa wachezaji wadogo, dada, wanasafiri wenyewe. Hawana uwezo wa kuchukua mtu. Begi lake mwenyewe, raketi zake mwenyewe.

Gaudensia: Miaka yote hiyo?

Deus: Yote.

Gaudensia akaitazama tena ile simu. Akamrudishia mdogo wake, akamgeukia Stesheni, na kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, akauliza:

Gaudensia: Basi leo akija kwako, mzee, upande wake atakaa nani?

Wakili alianza kusema "Kisheria," Stesheni akamkatiza kwa mkono. Alipozungumza, hakumtazama mtu.

Stesheni: Sufian.

Kijiweni hapa hakuna anayemwita Wakili kwa jina lake.

Wakili: Naam.

Stesheni: Kanzu yako ya Idi iko safi?

Wakili: Iko safi. Kwa nini?

Stesheni: Kaivae. Leo utakaa upande wake.

Wakili: Mimi? Mimi niliyemsema tangu adhuhuri?

Stesheni: Wewe. Nikitaka kusema hapana, nataka pawe na mtu wa kunibishia. Na mimi sijaona mtu anayebisha kukushinda.

Wakili alijikung'uta makombo ya kashata mapajani. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akaitazama saa, akatazama upande wa msikiti, na midomo yake ikaanza kwenda kama ya mtu anayepanga hoja.

Wakili: Nitahitaji kuonana naye kabla hajaingia. Nimweleze tunaanza na hali ya hewa. Asikurupuke na mambo ya ndoa kabla ya chai ya pili.

Stesheni: Mweleze.

Wakili: Na huko ndani mimi sikujui, Abdulwakil. Usinichekee.

Stesheni: Sitakuchekea.

Wakili akapiga hatua kuelekea kituo cha basi, kisha akarudi mbio mbio, mkono ameunyoosha.

Wakili: Kocha, nipe hiyo simu. Nitafutie mechi alizoshinda.